Saratani ya Mapafu na Saratani Iliyohamia Mapafuni: Maelezo ya Upasuaji Wake na ya Lugha ya Kuueleza

Makusudio ya makala hii ni kueleza kwa Kiswahili namna moja ya upasuaji, yaani upasuaji wa kuondoa mapafuni saratani iliyoanzia mahali pengine mwilini. Huenda msomaji akauliza mambo ya hospitali yameingiaje katika jarida la lugha. Jibu ni kwamba upasuaji huu haueleweki mpaka kwanza tofauti moja ya maneno imeeleweka, nayo ni tofauti ambayo mgonjwa na jamaa zake hukutana nayo mara tu daktari anapofungua kinywa. Mtu aliyeondolewa saratani ya utumbo miaka miwili iliyopita, akaambiwa leo kwamba ana "saratani ya mapafu", huondoka akiamini kwamba amepatwa na maradhi ya pili. Hujiuliza alivuta tumbaku lini. Nduguze hutafuta dawa za maradhi ambayo hana. Naye akiletewa karatasi ya kutia sahihi ili apasuliwe, hutia sahihi juu ya jambo asilolijua, au hukataa jambo ambalo pengine lingemfaa.

Majina ya maradhi

Neno saratani limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wanajimu wetu walilijua neno hili kama jina la buruji tangu zamani. Wayunani nao waliyaita maradhi haya kwa jina la kaa, na Walatini wakafanya vivyo hivyo. Jina lao la Kilatini ndilo lililotufikia kwa njia ya Kiingereza katika umbo la kansa. Kwa hiyo saratani na kansa ni picha ile ile moja iliyopita njia mbili. Kiswahili pia kina donda ndugu, jina la vidonda vibaya vinavyokula mwili na kuenea. Lakini jina hilo lahusu kidonda kinachoonekana kwa macho, wala halifai kwa uvimbe uliofichika ndani ya kifua.

Kwa kule kuhama kwa saratani kutoka kiungo hadi kiungo, wataalamu wa Ulaya hutumia neno la Kiyunani metastasisi, ambalo maana yake ni kuhama mahali. Joseph Récamier, tabibu wa Ufaransa, ndiye aliyelitumia kwa saratani katika kitabu chake cha mwaka 1829. Neno hili lina kasoro ndogo ambayo yafaa kuitaja, kwa sababu tukilitafsiri neno kwa neno kasoro hiyo tutairithi. Katika Kiswahili, anayehama huacha nyumba tupu. Saratani haifanyi hivyo: huweza kubaki pale ilipozaliwa, nayo papo hapo ikawa imetuma watoto wake mbali, kama mgomba unaochipuza machipukizi kandokando yake. Kwa sababu hiyo ni bora kusema imehamia kuliko kusema imehama. Kauli ya kutendea, kwa kile kiambishi chake -i-, humwelekeza msikilizaji kwenye mahali palipofikiwa, wala haisisitizi kwamba pa kwanza pameachwa. Kuenea na kutapakaa ni vitenzi vyenye maana nyingine, nasi tutavirudia.

Safari ya chembe

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno. Katika saratani, baadhi ya chembe hizo huacha utaratibu wa wenzake, zikazaana bila kikomo na kufanya uvimbe. Uvimbe ukiendelea kukua, chembe chache hujitenga nao, hupenya kuta za mishipa, na kuchukuliwa na damu au na maji ya limfu.

Mapafu yana hatari ya pekee katika safari hii, na sababu yake ni namna damu inavyozunguka. Damu yote inayotoka mwilini hurudi katika upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo husukumwa mapafuni ikapate hewa safi. Humo hupita katika vijishipa vyembamba mno, vyembamba kuliko unywele, kama tui linavyopita katika kifumbu. Chembe za saratani zilizochukuliwa na damu hunaswa humo. Saratani za mifupa, kwa mfano, hufikia mapafu kabla ya viungo vingine. Damu ya sehemu kubwa ya utumbo hupita ini kwanza, na kwa hiyo saratani ya utumbo mara nyingi huonekana katika ini kabla ya kuonekana mapafuni.

Hata hivyo kunaswa si kuota. Chembe nyingi zinazofika hufa. Mwaka 1889 mpasuaji wa Kiingereza Stephen Paget alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona kwamba vinundu havikutawanyika ovyo, bali vilipendelea viungo fulani. Akafananisha jambo hili na mbegu na udongo: mbegu huchukuliwa kila upande, lakini huota pale tu palipo na udongo unaoifaa. Fikira hiyo ingali ikitumika hata leo.

Kihusishi -a na kiishio -ni

Sasa twafikia tofauti iliyotajwa mwanzoni. Chembe za utumbo zilizoota mapafuni si chembe za mapafu. Zikitazamwa kwa hadubini hufanana na za utumbo. Mara nyingi huitikia dawa za saratani ya utumbo. Na madaktari huendelea kuziita saratani ya utumbo. Wengi hudhani kwamba maradhi yabadili jina pale yanapobadili mahali, lakini sivyo.

Kiswahili hakihitaji neno geni lolote ili kueleza jambo hili, maana sarufi yake inayo tofauti hiyo tayari. Tulinganishe:

(1) saratani ya mapafu
(2) saratani ya utumbo iliyohamia mapafuni

Katika (1), kihusishi -a huonyesha asili na umilikaji: saratani hii ni ya mapafu, imezaliwa na chembe za mapafu. Katika (2), -a yabaki na utumbo, ambao ndio asili, na mapafu yamepewa kiishio -ni, ambacho huonyesha mahali tu. Ndivyo tunavyosema kuhusu watu. Mtu wa Pemba aliyehamia Mombasa ni Mpemba aliye Mombasa. Akikaa miaka kumi bado twamwita mtu wa Pemba, na akifungua kinywa lafudhi yake yatuambia ametoka wapi. Chembe za saratani nazo zina lafudhi yake, na hadubini ndiyo sikio linaloisikia.

Mkanganyiko huanza pale msemaji anapoiacha -ni na kuitia -a mahali pake kwa kufupisha. Kosa ni la silabi moja, lakini madhara yake si madogo.

Asili huamua tiba

Huenda ikadhaniwa kwamba hili ni jambo la wanasarufi peke yao. Tazama basi mifano mitatu.

Wa kwanza ni saratani inayotokana na chembe za kondo la nyuma baada ya mimba. Hii hukimbilia mapafuni upesi. Mwaka 1956 Min Chiu Li na wenzake huko Marekani walitangaza kwamba dawa iitwayo methotreksati iliweza kuiondoa, hata vinundu vya mapafuni vikatoweka. Mgonjwa wa namna hii kwa kawaida hutibiwa kwa dawa, na hakuna haja ya kuharakisha kisu.

Wa pili ni saratani ya ile tezi ya shingo inayotumia madini ya iodini. Baadhi ya chembe zake, hata zikiwa mapafuni, huendelea kufyonza iodini kama zilivyozoea shingoni. Madaktari humpa mgonjwa iodini yenye mnururisho, na chembe hizo huila sumu yake zenyewe. Mgeni hunaswa kwa desturi ya kwao.

Wa tatu ni saratani ya mifupa inayowapata hasa vijana. Hapa dawa peke yake mara nyingi haitoshi, na vinundu vya mapafuni vikiwa vichache, kuvikata ni sehemu muhimu ya tiba.

Basi katika mapafu yale yale, na katika picha za eksirei zinazofanana, mmoja hupewa dawa, wa pili iodini, wa tatu kisu. Kinachowatenganisha ni kile kinachofuata kihusishi -a.

Historia kwa ufupi

Kwa karne nyingi kufungua kifua kulikuwa sawa na kuua. Hewa ya nje ikiingia kati ya ukuta wa kifua na pafu, pafu husinyaa. Mwaka 1882 Josef Weinlechner wa Vienna, alipokuwa akiondoa uvimbe wa ukuta wa kifua, alikata pia vinundu vilivyokuwa mapafuni. Mgonjwa wake hakuishi. Muda mfupi baadaye Rudolf Krönlein wa Zürich alifanya kama hivyo, na mgonjwa wake akaishi miaka kadhaa. Wote wawili walivikuta vinundu hivyo njiani tu. Upasuaji uliokusudiwa tangu mwanzo kuondoa saratani iliyohamia mapafuni kwa kawaida huhesabiwa tangu ule wa Diviš, uliotangazwa mwaka 1927.

Habari iliyowatia watu moyo zaidi ilitoka Boston. Mwaka 1939 Barney na Churchill walitangaza habari za mgonjwa mwenye saratani ya figo iliyohamia pafuni, ambaye aliondolewa figo na baadaye sehemu ya pafu. Mgonjwa huyo aliishi zaidi ya miaka 20, akafa kwa maradhi mengine. Mwaka 1947 John Alexander na Cameron Haight wa Michigan walikusanya habari za wagonjwa 24. Yafaa kukumbuka kwamba Alexander alikuwa bingwa wa upasuaji wa kifua kikuu, na kitabu chake juu ya upasuaji huo kilitoka mwaka 1925. Ujuzi wa kufungua kifua kwa usalama ulikuzwa sana na vita dhidi ya kifua kikuu, kisha ukatumiwa kwa saratani.

Masharti: kipo, kiko, au yamo?

Mwaka 1965 Thomford na wenzake wa kliniki ya Mayo, Marekani, waliandika masharti ambayo, pamoja na marekebisho, yangali yakifuatwa: mgonjwa awe na nguvu za kuuhimili upasuaji, saratani ya asili iwe imekwisha kudhibitiwa, pasiwe na saratani kwingine nje ya mapafu, na vinundu viwe katika pafu moja. Sharti la mwisho limelegezwa, maana siku hizi mapafu yote mawili huweza kupasuliwa, na penginepo hata kinundu cha ini huondolewa kwanza. Limeongezwa sharti jingine: vinundu vyote viweze kuondolewa, na pafu litakalobaki lipate kutosha kwa kupumua.

Mwanafunzi wa Kiswahili atayaelewa masharti haya kwa kukumbuka viambishi vitatu vya mahali. Daktari huanza kwa kujua kwamba kinundu kiko mapafuni. Ku- yaonyesha upande tu, si mahali hasa. Picha za skani, ambazo huonyesha kifua vipande vipande kama mkate uliokatwa, humwezesha kusema kwamba kinundu kipo, na hapa ndipo kilipo. Pa- yataja mahali palipopimwa. Upasuaji ni kazi ya pa-. Lakini ikiwa maradhi yamo mapafuni mote, yametapakaa kama punje za mtama zilizomwagika, mu- imeshinda, na kisu hakina kazi tena. Ndiyo maana hapo juu tulitenga kuhamia na kutapakaa. Daktari akisema imetapakaa hali anakusudia vinundu viwili vinavyokatika, amemfungia mgonjwa mlango ambao ungali wazi.

Tena, si kila kinundu ni saratani. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, ambako kifua kikuu kingali kingi, kovu au kidonda cha kifua kikuu huweza kuonekana katika picha kama kinundu cha saratani. Kwa hiyo mara nyingine hukatwa kipande kidogo kikatazamwe kwa hadubini kabla ya kuamua lolote.

Jinsi unavyofanywa

Mgonjwa hupimwa kwanza nguvu ya pumzi yake na afya ya moyo wake. Siku ya upasuaji hupewa nusukaputi, na mpira wenye njia mbili huingizwa katika njia ya pumzi. Kwa mpira huo pafu moja huendelea kupumua, na lile linalopasuliwa huachwa lisinyae na kutulia. Njia za kuingilia ni mbili hasa. Ya zamani ni kukata kati ya mbavu, au kuupasua mfupa wa kidari ili kuyafikia mapafu yote mawili. Njia hii humpa mpasuaji nafasi ya kulipapasa pafu kwa vidole vyake na kuhisi vinundu ambavyo picha haikuvionyesha. Njia mpya ni ya matundu madogo, ambamo kamera na vyombo vyembamba hupitishwa; maumivu hupungua na mgonjwa hurudi nyumbani mapema, ila kidole hakifiki kila mahali.

Pafu lililokatwa halioti tena kama lilivyokuwa. Kwa hiyo kanuni ni kukata kidogo kinachotosha. Kinundu kilicho karibu na ukingo hukatwa pamoja na utando wa nyama nzima kuzunguka, kwa umbo la kabari, kama fundi anavyochonga pembe ya ubao. Kilicho ndani zaidi huenda kikalazimisha kuondoa moja ya zile sehemu kubwa za pafu, ambazo ni tatu upande wa kulia na mbili upande wa kushoto. Kuondoa pafu zima huepukwa sana. Vyombo vinavyobana na kushona kwa pini ndogo huziba jeraha ili hewa isivuje. Mwisho huachwa mpira kifuani kwa siku kadhaa, nao hutoa hewa na damu mpaka pafu litanuke tena.

Vinundu vikirudi, upasuaji huweza kurudiwa, maadamu nguvu na pafu vyatosha. Kwa asiyeweza kupasuliwa, pengine hutumiwa miali iliyoelekezwa penye kinundu, au sindano ya kukichoma kwa joto.

Faida yake ni ipi?

Mwaka 1997 zilitangazwa habari zilizokusanywa kutoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini juu ya wagonjwa 5,206 waliopasuliwa. Katika wale ambao vinundu vyao vyote viliondolewa, 36 katika kila 100 walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka mitano, na 22 baada ya miaka 15. Ambao vinundu vyao havikwisha, walikuwa 13 tu baada ya miaka mitano. Wenye kinundu kimoja walipata 43, na wenye vinne au zaidi 27. Asili nayo ilionekana: saratani za chembe za uzazi, kama zile za korodani, zilifikia 68, na za chembe za rangi ya ngozi 21.

Hesabu hizi ni za kweli, lakini hazitoshi kuthibitisha kwamba kisu ndicho kilichorefusha maisha. Mwalimu akiwachagua wanafunzi hodari, akawapa kitabu kipya, nao wakafaulu, hatuwezi kujua kama sababu ni kitabu au ni uhodari wao. Wagonjwa waliopasuliwa walikuwa wamechaguliwa: wenye nguvu, wenye vinundu vichache, wenye maradhi ya mwendo wa polepole. Ili kulijua jambo hili, jaribio lililoongozwa kutoka Uingereza, ambalo mmoja wa viongozi wake alikuwa mpasuaji Tom Treasure, liliwagawa kwa kura wagonjwa wa saratani ya utumbo iliyohamia mapafuni: wengine wapasuliwe, wengine wasipasuliwe. Walipatikana 93 tu, idadi ndogo kuliko iliyohitajiwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba nusu ya waliopasuliwa waliishi zaidi ya miaka 3.5, na nusu ya wasiopasuliwa zaidi ya miaka 3.8. Jaribio dogo namna hii haliwezi kukata shauri. Lakini latosha kuwafunza wote, wapasuaji na wagonjwa, kusema kwa kiasi. Wataalamu wangali wakibishana. Kwa saratani za mifupa na mabaki ya saratani za korodani, upasuaji una nafasi iliyo imara. Kwa saratani ya utumbo, ni shauri la kupimwa mgonjwa kwa mgonjwa.

Kuondoa na kuponya

Hapa lugha yatudai uangalifu mara ya mwisho. Kuondoa na kuponya ni vitenzi viwili. Mpasuaji aweza kuahidi cha kwanza kwa kiasi fulani. Cha pili hawezi kukiahidi. Mgonjwa akiambiwa "tutaitoa yote" husikia "utapona", kwa sababu kwa mwiba na kwa jino bovu mambo ndivyo yalivyo: kikitoka, umepona. Saratani iliyokwisha kusafiri mara moja huenda ikawa imeacha chembe nyingine ambazo hakuna picha iwezayo kuzionyesha.

Maelezo yafaayo yangekuwa kama haya: "Mzee wangu, hii si saratani mpya. Ni ile ile ya utumbo, imehamia pafuni. Vinundu vipo viwili, na mahali vilipo twapajua. Twaweza kuviondoa. Kuviondoa huenda kukakuongezea miaka, lakini sikuahidi kwamba maradhi hayatarudi. Ukikubali, hivi ndivyo tutakavyofanya. Ukikataa, hizi ndizo njia nyingine." Hakuna katika maneno haya neno ambalo mkulima wa Rufiji au mvuvi wa Lamu hatalielewa. Kazi yetu sisi wa lugha si kubuni istilahi tu. Ni pia kuwaonyesha matabibu kwamba vyombo wanavyovitafuta vimo tayari katika sarufi ya watu wanaowatibu, ili mgonjwa anaposhika kalamu kutia sahihi, awe ameelewa anachokikubali.